Hodi ya Tatu

Nilikwenda Misima kumzika Kassim Mhando nikiwa nimeandaa matusi. Asiyejua mila zetu atanishangaa, lakini mimi ni Msambaa wa Mashewa na marehemu alikuwa Mzigua, na mtani hafiki msibani mikono mitupu, anafika na maneno. Njia nzima, nikiwa nyuma ya bodaboda, nilikuwa nikiyapanga: kwamba amewahi kufa ili asichote maji kiangazi hiki, kwamba kaburi wamelichimba fupi, miguu ile mirefu wataikunja vipi, kwamba Wazigua wamekosa hata maji ya kumwoshea maiti ndiyo maana wameniita niteremke na ndoo kutoka milimani. Nilipofika nikaona jeneza limefunikwa shuka la kijani. Nikafungua mdomo. "Mzigua wewe," nikasema, na hapo hapo sauti ikakatika. Mzee mzima nimepita miaka sabini, mtani tena, nalia kuliko wafiwa. Aibu iliyoje! Mama mmoja akanivuta kando, akanipa kiti cha plastiki na kikombe cha maji, akaniambia, "Pole babu. Utani utaufanya siku ya arobaini."

Baada ya mazishi, tukiwa chini ya turubai tunasubiri wali, kijana mmoja wa ukoo akanisogelea na simu yake mkononi. "Shikamoo babu. Eti ni kweli babu Kassim ndiye aliyeitoa Korogwe kwenye kombe? Kuna mtu mjini anasema aliuza mechi." Aliuza mechi! Ningekuwa kwangu ningemzaba kibao, lakini msibani hapapigwi mtu. Nikamwambia akae chini, nikamsimulia mpaka sahani zikatolewa, na wenzake wakaja, na mwisho nilikuwa nazungumza na nusu ya vijana wa Misima. Nilivyokuwa nasimulia nilishangaa kwamba ule mshangao wa siku ile bado ninao, mzima, kama ulivyonishika. Watu huzoea mambo wakizeeka. Hili mimi sijalizoea, na sidhani kama nitalizoea.

Mwaka ule timu yetu, Nyota ya Mtoni, iliingia mashindano ya kombe la taifa kwa kubahatisha tu. Yalikuwa ya mtoano: ukifungwa mara moja unafunga virago, hakuna marudiano, hakuna kuhesabu pointi. Ligi huwa haina nafasi kwa watu kama sisi, timu ya mji mdogo, wengine makuli wa stesheni, wengine walimu, wengine wakulima. Lakini mtoano ni mlango wa uani, hata maskini anaweza kupenya. Tulianza kwa kuwatoa Handeni kwao, na Kassim akiwa golini dhidi ya ndugu zake mwenyewe, wakimwita msaliti kwa Kizigua mchezo mzima naye anacheka. Tukaenda Tanga mjini tukawatoa wa Tanga. Tukatoa wengine na wengine. Siku moja tukiwa tunapita dukani tukasikia redio inamtaja: "Mhando amedaka! Mhando tena!" Tukasimama njiani wote, watu wazima, tukaitazama ile redio. Haki ya Mungu, nilihisi nywele zimenisimama. Sikuwahi kufikiria kwamba sauti inayosoma habari za marais inaweza kutaja jina la mtu ninayelala naye mkeka mmoja.

Kambi yetu ilikuwa ghala la Bwana Kanji, Mhindi wa duka la vitambaa, aliyetuazima kwa sababu mke wake alipenda mpira kuliko yeye. Ghala lile lilinuka kaniki mpya na magunia ya mkonge. Lilikuwa na dirisha moja juu karibu na bati, na mlango mmoja wa mbao uliofunguka uani. Treni ikipita, sahani zetu za bati zilitetemeka zote pamoja juu ya rafu. Mpishi wetu alikuwa Mama Zubeda, mjane mwenye maneno makali na mkono mtamu. Hatukula kwa mtu mwingine yeyote, hata ndizi ya kununua barabarani ilikatazwa, tusije tukatiliwa kitu. Siku za kawaida alitupikia makande, na Kassim akilalamika: "Makande, makande! Tumbo langu limekuwa Lushoto." Nami nikimjibu, "Kula, bwana. Kwenu mnapika kwa umande." Mama Zubeda akitupigia mwiko wa ugali sufuriani: "Nyamazeni nyie! Hamna adabu mbele ya chakula." Leo nikisikia harufu ya maharage yanayochemka na mahindi, nalikumbuka lile ghala kabla ya kukumbuka nyumba niliyozaliwa.

Sasa nieleze mwiko, maana bila huo hamtaelewa. Kila timu nchini ilikuwa na kamati yake ya ufundi, na asikudanganye mtu kwamba ufundi ule ulikuwa wa viatu. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Rajabu, fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye utepe wa kupimia shingoni hata siku ya Ijumaa. Yeye ndiye aliyekwenda kwa mganga, akarudi na sharti moja: siku ya mechi, tangu tukiamka mpaka filimbi ya mwisho, mchezaji asimwitikie mtu yeyote wa nje. Asijibu salamu, asiitikie hodi, hata neno moja. Ukiitikia tu, aliyekuita amekufunga, na timu nzima imefungwa pamoja nawe. Vijana walinicheka niliposema hayo. Nikawauliza kama timu wanazozishabikia wao leo zinapita mlango wa kawaida uwanjani au zinaruka ukuta.

Nasi tulilishika sharti lile kama sala. Mkuu mmoja wa serikali alikuja kambini kututakia heri, na suti yake, na msaidizi wake kabeba soda. "Hamjambo vijana?" Kimya. "Vijana, hamjambo?" Watu wazima tumekaa mikekani tunamtumbulia macho. Akaondoka akidhani tuna ugonjwa. Mchumba wa winga wetu alikuja kumsalimia, hakujibiwa, na posa ilitaka kuvunjika mpaka wazee walipoingilia kati. Lakini tulikuwa tunashinda! Kila tukinyamaza tunashinda. Hata mimi, niliyebatizwa na kuimba kwaya, nilianza kuogopa kukohoa siku ya mechi. Mtu akishinda mara nyingi, kila alichofanya asubuhi yake huwa dini.

Kassim alikuwa na jambo lake. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Misima, mkulima vilevile, na Kassim ndiye aliyetazamiwa kurithi kile chuo. Badala yake alifuata mpira. Siku alipoaga, mzee alimwambia mbele ya watu, "Ukivuka mto kwa ajili ya mpira, usinirudie." Hakumlaani, lakini radhi alikuwa ameizuia, na kwetu huku mtu asiye na radhi ya baba yake hata akila hashibi. Msimu mzima wa mavuno Kassim alimtumia salamu kwa kila mtu aliyekwenda Misima. Mara moja alimtuma muuza kuku. Tulikuwa tumelala chali mikekani alasiri moja ya joto nikamuuliza, "Vipi, yule mtu wa kuku alirudi?"

"Alirudi."

"Mzee kasema nini?"

"Alisikia salamu. Akaendelea kunoa jembe." Kisha akacheka kile kicheko chake kikubwa, ila kilikatikia njiani. "Elia, wewe huijui hali hii. Nikidaka mpira, watu elfu wanapiga kelele, mimi nasikiliza kama yumo."

Mama Zubeda alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua macho. Akasema tu, "Radhi ni bora kuliko mali, mwanangu. Na ni bora kuliko kombe." Mzee Rajabu, aliyekuwa anashona jezi pembeni, akamkata jicho. Mimi sikumjibu Kassim kitu, maana hata utani una mahali pake.

Basi tukafika robo fainali. Kura ikatupangia timu kubwa ya Dar es Salaam. Siitaji, mashabiki wake wako hai na wana midomo. Wao waje Korogwe. Mji mzima ulihamia barabarani. Watu waliteremka kutoka Mashewa na Bumbuli kwa miguu, waliegemea mabomba ya stesheni, walijaa juu ya miti. Bwana Kanji alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku mwanawe alipooa. Sisi tulikuwa ndani ya ghala, mlango umefungwa, Mzee Rajabu amekaa kwenye kigoda karibu na mlango kama askari. Mama Zubeda alikuwa ndani pamoja nasi anapakua wali na maharage. Hakuna aliyesema neno. Kilichosikika ni vijiko tu.

Tukasikia mtu anatembea uani, polepole, kwa kandambili. Akasimama.

"Hodi!"

Tukaendelea kula. Kila mechi walikuja watu wa namna hiyo. Lakini mkono wa Kassim ulikuwa umesimama katikati ya sahani na mdomo wake. Nikamtazama. Uso ulikuwa umempauka.

"Hodi wenyewe!" ile sauti ikaita tena. Ilikuwa ya mtu mzima, mtu aliyezoea kusomesha watoto, kila herufi imetoka mahali pake. Ikatulia kidogo. "Mimi ni Mhando wa Misima. Nimeambiwa mwanangu yumo humu."

Vijiko vyote vikanyamaza. Mzee Rajabu akainua kidole, akamtazama Kassim, akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anamwomba, na hilo lilikuwa zito zaidi. Wachezaji wote walikuwa wanamtazama vilevile, na mimi pia nilikuwa namtazama. Kule nje mji mzima unasubiri. Na kila mtu mle ndani alijua kitu kingine: hodi ni tatu. Mtu mwenye heshima zake akibisha hodi mara tatu asiitikiwe, anaondoka, na yule mzee hakuwa mtu wa kurudi alikokataliwa. Alikuwa amemeza kiburi chake chote kuvuka ule mto. Hakikubaki cha kumeza safari ya pili.

"Hodi ya tatu hiyo," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemaliza kazi aliyojipa.

Kimya. Tukamsikia anainama, anaokota kitu chake. Kandambili zikageuka.

Kassim akaweka chini kijiko chake. "Karibu, baba," akasema. Kisha akainuka, urefu wote ule, sauti ikampanda. "Karibu! Karibu ndani, baba!" Akamruka Mzee Rajabu na kigoda chake, akafungua mlango, na mwanga wa mchana ukatupiga usoni sote. "Shikamoo baba."

"Marahaba," mzee akajibu. Akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Umekonda."

Nimeona mambo mengi maishani. Nimeona mto ukibeba daraja, nimeona mapacha wangu wakizaliwa. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama lile neno dogo, karibu, likitoka kinywani mwa mtu aliyejua bei yake. Nilitaka kumpigia magoti.

Mzee akaingia. Alikuwa mfupi, kanzu imefifia, mkononi kibuyu cha asali. "Asalamu alaykum," akatusalimia. Hakuna aliyejibu. Akatuangalia mmoja mmoja, madume yenye vifua. "Hawa vipi?"

"Wamekatazwa kusema, baba."

"Na nani?"

Kassim akamtupia jicho Mzee Rajabu. Mimi nilishindwa kuendelea kukaa. Sikusema neno, lakini niliinuka nikampa kiti changu, na Mama Zubeda, ambaye hakuna mganga aliyewahi kumtisha, akampakulia wali sahani ya kujaa. "Kula, mwalimu. Umetoka mbali." Mzee akala huku anaeleza, kama vile tulikuwa tumemuuliza. Alikuwa dukani Misima kununua chumvi, redio ikaanza kuita, Mhando, Mhando. "Nikadhani naitwa mimi. Nikaitika. Watu wakanicheka. Nikajiuliza, jina langu linatajwa nchi nzima, na mimi mwenyewe sijui linafanya kazi gani huko?"

Mzee Rajabu alitaka Kassim asicheze. Kipa wa akiba akakataa kwa kichwa na kwa mikono: hakuwa tayari kusimama kwenye goli ambalo mwiko wake umevunjwa. Ikabidi Kassim acheze. Tulikwenda uwanjani kama tunaokwenda kuzika.

Na pale uwanjani, jamani, nieleze vipi? Timu ile ilitupiga kama mvua ya mawe. Mimi beki wa kati nilikuwa nakimbia mpaka naona nyota, na kila nikipitwa nageuka kutazama nyuma nikijua tumekwisha, namkuta Kassim amelala na mpira kifuani. Mshambuliaji wao alipiga kichwa hatua chache tu kutoka golini, mpira ulishampita. Ulishampita, nasema! Akarudi hewani kwa mgongo, akaugusa kwa ncha za vidole, ukagonga mtambaa panya ukatoka. Hata wachezaji wa Dar walishika vichwa. Baba yake alikuwa amekaa nyuma ya goli kwenye gunia, na kila mpira ukija alikuwa anavuta miguu yake ndani ya kanzu. Wakati wa mapumziko alimuuliza mwanawe, nami nikiwa nafunga kamba za viatu karibu: "Hawa wote wanakupiga wewe peke yako?"

"Ndiyo baba. Ndiyo kazi yenyewe."

"Na huwakasirikii?"

"Hapana."

Mzee akafikiri. "Kumbe unalinda," akasema. "Kama tunavyolinda mahindi yasiliwe na nguruwe." Akamwonjesha asali kidogo kwa kidole chake, kama mtoto, mbele ya halaiki ile.

Dakika zikaisha, hakuna bao. Za nyongeza zikaisha, hakuna bao. Zikaja penalti. Kassim alipangua mbili, na uwanja ulilia mpaka sauti zikaisha. Lakini wenzetu wawili walikuwa wamekosa, na ya mwisho ikawa yangu. Nikaupiga kwa nguvu zote nilizopewa na mama yangu, ukapaa juu ya goli, ukaenda zake upande wa reli. Tumetolewa.

Jua lilikuwa bado halijazama umati ulipofika ghalani. Mawe yakaanza kulia juu ya bati. "Mtoeni Mzigua! Mtoeni aliyeitikia!" Habari ilikuwa imevuja, bila shaka. Nikatoka mlangoni nikapiga kelele mpaka mishipa ikasimama: "Aliyekosa penalti ni mimi! Mimi Elia! Mbona hamniulizi mimi?" Mtu mmoja ninayemjua, jirani wa heshima kabisa, akanijibu kwa huruma: "Elia, nyamaza ndugu yangu. Ungefungaje wakati mwiko umevunjwa?" Toba! Mzee Rajabu alikuwa ameketi kizingitini, utepe wake mikononi, machozi yanamtoka.

Yule mzee akaja kusimama nyuma yangu. "Mwanangu wanamdai kosa gani?"

"Kwamba alikuitikia, mzee."

Nadhani ndipo alipoelewa kilichotokea mle ndani mchana, mwiko uliovunjwa kwa ajili yake, na nani aliyelipa. Macho yake yalijaa. Akaita, "Kassim! Toka hapa." Kassim akatoka, bado ana jezi yenye tope. Mawe yakapungua, maana watu walitaka kumwona vizuri. Mzee akamwashiria ainame, na Kassim akainama sana ili mkono ule ufike kichwani. Kisha mwalimu wa chuo akasema kwa ile sauti yake ya kusomesha, haikuwa kubwa lakini ilifika hadi barabarani:

"Kassim, mimi baba yako, mbele ya watu hawa na Mungu anasikia, nimekuwia radhi. Nimekuwia radhi duniani na akhera. Mguu wako usijikwae."

Hakuna aliyerusha jiwe. Mwislamu wala Mkristo, hakuna mtu wa huku anayeweza kurusha jiwe mahali baba anapotoa radhi. Mikono ilibaki imeinuliwa, haijui pa kwenda. Na katika kimya kile sauti moja ikasema, "Amin." Nikageuka. Alikuwa Mzee Rajabu. Kisha mwingine akasema amin, na mwingine, mpaka ikawa umati mzima, watu wale wale, wengine bado wameshika mawe. Nikasema na mimi.

Wakapisha njia. Baba mbele, mtoto nyuma amebeba kibuyu, wakaenda zao kituo cha mabasi ya Handeni, na Kassim alikuwa analia wazi wazi na uso wake unang'aa. Sijamwona mshindi wa kombe lolote akiwa na uso ule. Hakuichezea tena timu yetu. Alirudi Misima akasomesha chuo, akalima, akaoa. Masika yaliyofuata mzee alifariki, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mwanawe. Ukiniuliza leo ni nani aliyechukua kombe mwaka ule, itabidi nikaulize.